Ghala la Mzee Hershel

Mpwa wangu anamjua Negan vizuri sana. Anajua mapigo yake yote katika gemu la Tekken 7, ambamo aliingizwa mwaka 2019, na analijua hata jina la lile rungu lake la besiboli lililozungushiwa seng'enge: Lucille. Likizo iliyopita alikuwa akinieleza namna ya kumchezesha, nikamuuliza, "Na Glenn je?" Akatulia kidogo. "Glenn ndiye yupi, mjomba?"

Nilimweleza, akasikiliza kwa adabu, kisha akasema huenda kifo chake amekiona kwenye simu. Nusu dakika hivi, imekatwakatwa na kuwekewa muziki usio wake. Akaongeza kwamba hiyo The Walking Dead anaijua, ni ile ya kupiga mazombi vichwa. Neno hilo ndilo lililonichoma. Anamjua muuaji, hamjui marehemu. Na marehemu ndiye yule kijana aliyekuwa akipeleka piza mjini Atlanta kabla dunia haijaharibika, ambaye katika episodi ya tano ya sizoni ya kwanza aliwapigia kelele wakubwa zake walipotaka kuwachoma wafu wao moto mmoja na mazombi. Glenn akagoma: wale wachomwe, lakini wa kwetu wazikwe. Kwa sisi tuliokuwa tukiifuata kwa diski za kukodi pale Ngamiani, Tanga, hiyo ndiyo ilikuwa The Walking Dead. Ilikuwa hadithi ya misiba, na ya watu wanaojitahidi kuzika.

Nimezikagua tarehe. Episodi ya kwanza ilionyeshwa na kituo cha AMC cha Marekani tarehe 31 Oktoba 2010, na sizoni nzima ilikuwa na episodi sita tu. Kabla ya hapo ilikuwa kitabu cha katuni cha Robert Kirkman kilichoanza mwaka 2003. Kwetu ilifika lini, nakumbuka kwa giza tu: ilikuwa kipindi cha ule mgawo wa umeme, kwa hiyo ni 2011. Mwezi hauna maana. Kwetu kitu kilifika siku Ami alipokileta.

Ami alikuwa na maktaba ya diski Barabara ya Kumi, chumba chembamba kilichobanwa na fundi cherehani upande mmoja na mama wa viazi karai upande wa pili. Jina lake halisi wengi hatukulitumia kamwe. Mkubwa kwa mdogo, sote tulimwita Ami. Ukiingia, pua ilipokea vitu vitatu kwa mpigo: mafuta ya viazi, plastiki ya makasha mapya, na dawa ya meno. Dawa ya meno ilikuwa ya kazi. Diski iliyokwaruzika ikigoma kwenye deki, Ami aliipaka kidogo, akaisugua kwa kipande cha fulana laini, akitoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Mtoto akithubutu kusugua kwa kuzungusha, alinyang'anywa. "Hiyo si sahani ya pilau," alikuwa akisema, na mtoto alirudia mpaka mkono ukazoea. Ijumaa ziliongezeka harufu za udi, na baada ya swala duka lilijaa.

Kila diski iliyotoka iliandikwa kwenye kauntabuku kwa mwandiko wa kulala, jina la mtu, jina la muvi, na siku ya kurudisha. Lakini daftari halikuwa la deni peke yake. Ami aliitazama kila muvi kabla ya kuikodisha, na alijua nani ameishia wapi. Ukitaka sizoni ya pili hujarudisha ya kwanza, hupati, hata uwe na hela mkononi. Na akikupa alikuuliza swali moja la ile uliyorudisha, ahakikishe umeiona. Diski za Kichina zenye muvi kumi na mbili ndani ya moja alikuwa nazo, zilimpa riziki, lakini hakuzipenda. Alipenda kitu kinachokwenda polepole. Aliponipa The Walking Dead alinionyesha jina la mwongozaji kwenye kasha, Frank Darabont, akanikumbusha kwamba ndiye yule wa The Shawshank Redemption, basi nisitarajie fujo. Halafu akaniambia jambo ambalo sikulielewa mpaka baadaye: "Humu stelingi usimzoee."

Tulikuwa tumekulia mabanda ya video, na sheria ya kule kila mtu anaijua: stelingi hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, atarudi. Kwa hiyo tulitazama kwa kujiamini.

Umeme ulikuja usiku, tukakaa sebuleni, mama akiwa amejinyoosha mkekani. Kiingereza hakukijua, nilimtafsiria pale palipokuwa na maneno mengi, na pasipo na maneno aliona mwenyewe kuliko mimi. Rick Grimes, naibu sherifu, anaamka hospitalini baada ya kupigwa risasi na kukaa muda mrefu bila fahamu, anakuta mji umekufa. Anamkuta mwanamke aliyebaki nusu mwili, anajikokota kwenye majani. Rick anamkimbia. Baadaye, akiwa tayari na nguo safi na bunduki, anarudi kumtafuta yule yule, anamwomba radhi kwa yaliyompata, ndipo anampumzisha. Na wakati huo huo, kwenye dirisha la ghorofani, Morgan ameshika bunduki yenye darubini, mkewe yuko chini barabarani miongoni mwa mazombi, naye hawezi kufyatua. Lennie James, mwigizaji wa Morgan, anafanya kazi yote ile kwa uso tu. Mama alivuta mtandio akafuta macho. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupima jambo, "Hao si mashetani, baba. Hao misukule."

Kwetu hakuna asiyezijua habari hizo. Mtu amekufa, amezikwa, watu wamekula hitima. Kumbe kilichozikwa ni mgomba, mwenyewe yuko kwa mchawi, analima mashamba usiku, analishwa pumba, ulimi umekatwa asiseme. Msukule hatishi kwa kuuma. Anatia huruma, na anayetisha ni aliyemfuga. Ndugu wa msukule haombi bunduki, anatafuta namna ya kumrudisha.

Miaka mingi baadaye nilisoma asili ya zombi, nikaona mama alikuwa amefika pale pale kwa njia fupi. Hadithi hiyo ni ya Haiti, ya watu waliotumikishwa utumwani kwenye miwa, ambao hofu yao kubwa ilikuwa kwamba hata kifo hakitawatoa shambani. Filamu ya White Zombie ya mwaka 1932 inawaonyesha wafu wakisukuma kinu cha sukari, na bwana wao, Bela Lugosi, yu hai na amevaa vizuri. George Romero ndiye aliyegeuza mambo mwaka 1968 kwa Night of the Living Dead: akamwondoa bwana, akawapa wafu njaa. Tangu hapo zombi akawa wa kukimbiwa na kupigwa kichwa. Greg Nicotero, aliyewapamba mazombi wa The Walking Dead, alianza kazi hiyo kwa Romero mwenyewe, kwenye Day of the Dead ya 1985. Basi ungetarajia sizoni ya pili iendelee kwa njia hiyo hiyo.

Haikuendelea hivyo. Ilitupeleka shambani kwa mzee Hershel.

Wapo waliolalamika kwamba sizoni ile ilikaa mno shamba moja. Mimi naiona ndiyo roho ya kazi nzima. Mtoto Sophia amepotea msituni, watu wanamtafuta episodi baada ya episodi. Mwenye shamba, Hershel, daktari wa mifugo, mcha Mungu, ana ghala lililofungwa. Glenn ndiye anayegundua kilichomo: mazombi, na miongoni mwao mke wa Hershel na mtoto wake wa kambo. Hershel anawalisha kuku wazima. Kwake hao ni wagonjwa, na mgonjwa hauawi kwa kuwa dawa yake haijapatikana. Kina Rick wanamwona amechanganyikiwa. Mama hakuona hivyo hata kidogo. Aliinuka mkekani, akakaa. "Huyo mzee ndiye anayejua," alisema. Tangu usiku ule Rick alikuwa wangu, na Hershel akawa wa mama.

Episodi ya saba ilionyeshwa Marekani tarehe 27 Novemba 2011. Shane, mmoja wa kina Rick, anavunja mlango wa ghala, mazombi wanatoka, wanapigwa risasi mmoja mmoja mbele ya Hershel aliyepiga magoti. Kukawa kimya. Halafu akatoka wa mwisho, mdogo, anachechemea: Sophia. Wote waliokuwa wakifyatua kwa ujasiri wakaishiwa nguvu, kwa kuwa sasa ni mtoto wao. Rick akasogea peke yake. Sijawahi kuona kwenye luninga hoja iliyothibitishwa kwa ukatili na haki namna ile: dakika moja nyuma Hershel alikuwa mjinga kwa kumpenda maiti, na sasa kila mtu ni Hershel. Nilipoirudisha diski, Ami hakuuliza swali lake la kawaida. Alinitazama usoni tu akaandika kwenye daftari.

Akaja Michonne na upanga wake, akiwavuta wafu wawili kwa minyororo, wamekatwa mikono na mataya, wamebebeshwa mizigo. Danai Gurira, aliyemwigiza, alizaliwa Marekani akakulia Zimbabwe. Mama alipowaona wale wawili hakuhitaji tafsiri. Akaja na Gavana, aliyemficha bintiye zombi chumbani akimchana nywele. Katika miaka ile watunzi walijua kwamba swali gumu si namna ya kumuua mfu, ni namna ya kumwachia.

Gavana ndiye aliyemuua Hershel, kwa upanga wa Michonne, mbele ya uzio wa gereza, mwishoni mwa nusu ya kwanza ya sizoni ya nne, Desemba 2013. Mama hakulia. Alikunja mkeka. "Mwenye huruma wamemuua. Mimi nitazame nini tena?" Na kweli hakutazama tena. Nilimbembeleza sana, nikamsimulia mahali paitwapo Terminus, nikamsimulia Carol, mama yake Sophia, hakushawishika. Leo nakubali kwamba alisimama mahali panapostahili.

Kwani yaliyofuata yanasimulika upesi. Glenn alikufa kwa rungu la Negan mwanzoni mwa sizoni ya saba, Oktoba 2016, baada ya watazamaji kufungiwa miezi kadhaa wasijue ni nani aliyepigwa. Kifo chenyewe kilitoka kwenye kitabu cha Kirkman, sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni ule mtego wa kukigeuza kifo kitendawili cha kuvutia watu. Mtu aliyetaka wafu wazikwe alistahili heshima kuliko hiyo. Baada ya hapo mazombi wakawa mandhari, wakawa vichaka vya kufyekwa. Walipokuja wale Wanong'onezi waliovaa ngozi za nyuso za wafu, sizoni za tisa na kumi, mtungaji alikuwa na hazina mkononi, kwani hapo mfu amerudi kuwa mtumwa wa aliye hai. Akaitumia zaidi kwa vita.

Na duka nalo lilikuwa limekwisha. Flashi ziliingia, vijana wakawa wanajaza sizoni nzima kwa dakika chache, bila mpangilio, bila anayeuliza kitu. Ami alishindana nao kwa muda, kisha akauza makasha yake kwa kilo na kurudi kwao Pangani. Chumba kile sasa ni cha uwakala wa fedha na makava ya simu. Kinachoniudhi si simu. Ni kwamba hakuna tena mtu mzima anayesimama kati ya kijana na hadithi, akimwambia anza hapa, usiruke, rudi kesho unieleze. Kijana anapewa kifo cha Glenn kabla hajapewa uhai wake.

Rick aliondoka kwenye tamthilia mwaka 2018. Mwaka huo huo, Oktoba, alifariki Scott Wilson, mzee wetu Hershel, na mwezi uliofuata tukamwona kwa mara ya mwisho katika njozi ya Rick aliyejeruhiwa, wamesimama pamoja. Halafu vikazaliwa vipindi vya pembeni, kimoja kikaenda Ufaransa, kingine New York, kingine cha Rick na Michonne mwaka 2024. Vingine nimevitazama, vingine nimeviacha njiani.

Mwisho wa ile yenyewe, episodi ya 177, ulionyeshwa tarehe 20 Novemba 2022. Kuna milipuko mingi mle ambayo nimekwisha kuisahau. Lakini Rosita, mmoja wa kundi lao, ameumwa na zombi, na amejua, naye hakimbilii bunduki. Anawaaga. Anakaa na watu wake wakati chakula kinaliwa na watu wanacheka, kisha analala kitandani karibu na mwanawe mchanga, mwenzake Eugene yuko pembeni anamlilia, na Gabriel naye yuko pale. Hakuna anayeharakisha. Hiyo ningemwekea mama.