Jani na Mahali Pake

Mkulo ni mti mkubwa wa misitu ya Usambara, ambao mbao zake hunukia kafuri. Msambaa huuita mkulo, Mchaga huuita mseri, Mkikuyu muthaiti. Na katika hifadhi ya mimea iliyokaushwa iliyoko Lushoto, chini ya Taasisi ya Utafiti wa Misitu, jina lake ni Ocotea usambarensis. Mti ni mmoja, lakini mwenye moja tu katika majina hayo manne hana hakika ya kuufikia asipoonyeshwa njia.

Katika hifadhi ya namna hiyo majani hubandikwa juu ya karatasi na kupangwa kwa koo za mimea, na kila karatasi huandikwa jina, mahali, tarehe na mchumaji. Mpango huo ni mwema kwa bingwa. Mkulima ajaye na jani mkononi, ajuaye jina la Kisambaa peke yake, husimama mbele ya makabati kama mgeni asiyejua apige hodi wapi. Kamusi ya majina ya mimea ya P. J. Greenway, bingwa wa kituo cha Amani, iliyopigwa chapa Dar es Salaam mwaka 1940, huanza na jina la Kiswahili, ndipo ikampeleka msomaji kwenye jina la kitaalamu na la Kiingereza. Hiyo ni adabu ya ajuaye kwa asiyejua.

Leo kazi hii huitwa usanifu wa taarifa. Richard Saul Wurman, msanifu majengo wa Marekani, alilieneza jina hilo tangu 1976. Mwaka 1998 Louis Rosenfeld na Peter Morville wakaiandikia kitabu kwa ajili ya tovuti. Wachoraji na waundaji wa tovuti wangefaa kulianzia somo hilo Lushoto, kabla ya kushika rangi. Aghalabu tovuti ya ofisi hupangwa kwa idara zake, hata mwananchi atafutaye miche hana budi kwanza kuijua idara itoayo miche. Rangi hupendeza, naye huondoka mikono mitupu.

Wasambaa walikuwa na mpango wao: shambaai, nchi ya juu yenye mvua, na nyika, nchi ya chini yenye ukame. Mimea iotayo mahali humwarifu mtu yu katika nchi ipi. Mpango huo haukufuata koo za maua. Ulifuata haja ya mkulima, apate kujua migomba itasitawi wapi. Kuudharau kwa kuwa hauna Kilatini ni ujinga uliovaa joho.

Majina nayo hayatulii. Ua mashuhuri la Usambara liliitwa Saintpaulia mwaka 1893, kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala Mjerumani wa Tanga. Mwaka 2015 wataalamu wakaliingiza katika jamii ya Streptocarpus. Sayansi ilikuwa na haki yake. Lakini tovuti iliyofuta jina la kale pasipo kiungo cha kuelekeza kwenye jipya imewapotezea njia wote waliolijua ua hilo kwa jina lililotumika miaka 122. Katika kabati lililotunzwa vema, mahali pa kale huachwa kikaratasi kilichoandikwa: tazama Streptocarpus.