Saa moja ya miguu ya nani?

Wikendi iliyopita sikuandika hata mstari mmoja wa programu. Nilikuwa na wageni wawili. Mmoja nitamwita Mwalimu, kwa kuwa anafundisha hisabati Mombasa; alifika Ijumaa kwa treni ya SGR. Mwingine ni fundi wa simu wa Kariakoo, Dar es Salaam, aliyekuja kwa basi na kushuka miguu imevimba lakini mdomo uko vile vile. Mwaka jana wao ndio walionitembeza pwani, kutoka Bamburi mpaka Nyali, juu ya mchanga mgumu maji yakiwa yamekupwa. Sasa walikuwa wanadai zamu yangu. Nairobi hatuna bahari, kwa hiyo nikawaambia tutatoka katikati ya jiji hadi Barabara ya Ngong, upande wa magharibi, wakaone mahali ambapo sisi watu wa kompyuta tulianza kujiona watu.

Jambo moja mlijue mapema: Mwalimu anatembea kwa mkongojo. Polio ilimshika mguu wa kushoto akiwa mtoto. Hapendi kusubiriwa, na ukimuuliza kama amechoka utajuta.

Tulianzia kwenye jengo la Kumbukumbu za Kitaifa, Moi Avenue, karibu na sanamu ya Tom Mboya iliyozinduliwa mwaka 2011, si mbali na alipopigwa risasi mwaka 1969. Fundi akapiga picha zake, na nyingine za KICC, ghorofa 28, la mwaka 1973. Nikatoa simu nikaandika jina la jengo la Bishop Magua. Kilomita tano hivi, ikasema, saa moja na dakika chache. Mwalimu akachungulia juu ya bega langu.

"Yakhe, hiyo saa moja ni ya miguu ya nani?"

Swali hilo ndilo lililokula siku yetu. Ngoja nieleze, maana najua wengine hapa mnatumia ramani hizi kila siku bila kujua ndani mna nini. Kwa kompyuta, jiji si nyumba wala miti. Ni nukta na mistari: nukta ni makutano, mstari ni kipande cha njia, na kila mstari umepewa gharama. Programu inatafuta mfululizo wa mistari wenye jumla ndogo kuliko yote. Hesabu yenyewe ilitolewa na Mholanzi Edsger Dijkstra, aliyeichapisha mwaka 1959. Alisimulia kwamba aliipata kwa dakika kama ishirini, ameketi na mchumba wake kwenye mgahawa Amsterdam baada ya kuchoka kuzunguka madukani, bila kalamu wala karatasi. Mwalimu alifurahia hapo. "Kumbe naye miguu ilimuuma!"

Hesabu ni safi. Tatizo liko kwenye gharama. Programu nyingi huria za kutafuta njia zinachukulia kwamba mwenda kwa miguu anakwenda kilomita 5 kwa saa. Mtu huyo hana mkongojo, hana mtoto mgongoni, hana gunia la viazi.

Tukashika Kenyatta Avenue. Kuvuka Uhuru Highway tulisubiri sana, huku juu ya vichwa vyetu magari yakipita kwenye ile barabara ya kulipia, Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022. Kilomita 27, na mtu wa miguu haruhusiwi kuikanyaga. Fundi akasema angalau inatupa kivuli.

Halafu Valley Road. Kwenye simu ni mstari mmoja mnyoofu. Kwa Mwalimu ulikuwa mlima, na mlima wenye mitego: kifuniko cha mtaro kilichoibwa, ukingo wa njia uliopanda juu kama goti, bodaboda zimeegeshwa pale pale mtu anapopita. Upande wa Hurlingham simu ikatushauri kichochoro cha kufupisha njia. Tukakuta ngazi za udongo zilizoliwa na mvua, bila cha kushika. Mwalimu akazitazama kwa muda, akageuka kimya. Tukarudi tulikotoka, mita mia tatu na zaidi. Hakuna aliyesema neno mpaka tulipomkuta muuza smokie na kachumbari, nikanunua sita.

Bishop Magua tulifika baada ya saa mbili na dakika arobaini. Hapo ndipo iHub ilipofunguliwa mwaka 2010, kabla ya kuhamia kwingine Kilimani na kununuliwa mwaka 2019 na kampuni ya CcHUB ya Nigeria. Nikaanza kumweleza Fundi habari za Ushahidi, jinsi ilivyozaliwa Januari 2008 katika ghasia za uchaguzi, watu wakituma taarifa na kuziona kwenye ramani. Akatazama jengo juu mpaka chini. "Kaka, hili ni jengo tu." Ni kweli, ni jengo tu.

Mwalimu alikuwa amekaa ukutani anapangusa mpini wa mkongojo. "Hizo ngazi," akasema, "ramani haiwezi kuambiwa?"

Inaweza. Kwenye OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, mtu yeyote anaweza kuandika kwamba mstari fulani ni ngazi, zina idadi gani, zina cha kushika au hazina, njia ni lami au udongo, ukingo umeshushwa au la. Tulikuwa karibu na mfano mzuri kuliko wote. Tukiendelea mpaka soko la Toi, Kibera inaanza pale pale, na mwaka 2009 vijana wa Kibera walifundishwa kutumia vifaa vya GPS wakaichora wenyewe, kwa sababu kwenye ramani za wazi ilikuwa doa tupu. Mradi huo ndio Map Kibera. Tulikula Toi, chapati na maharagwe, Mwalimu akiwa na simu yangu mkononi akihesabu vizuizi tulivyopita.

Alikumbuka kumi na vinne. Mimi nilikumbuka vitano.

Usiku tuliviingiza vyote, Fundi akikoroma kwenye kochi. Kisha nikawasha kwenye kompyuta yangu programu ya Valhalla, ambayo inakuruhusu kupunguza mwendo na kuziongezea ngazi adhabu, nikaweka mwendo wa Mwalimu kama tulivyoupima mchana: kilomita mbili kwa saa. Ikaachana na kile kichochoro, ikatupeleka kwa Haile Selassie Avenue na kupanda kupitia Community. Njia ndefu zaidi. Mwalimu akaisoma mara mbili, akauliza kama kesho asubuhi tuna shughuli yoyote.

Jumapili tuliipita. Saa mbili na dakika kumi na tano, na mfuniko mmoja wa mtaro ambao bado sijauingiza.