Pikipiki tano, Mlima Meru na ahadi ya saa 11

Jumamosi Tengeru huamka mapema. Kabla jua halijapanda juu ya migomba, akina mama wameshateremsha mikungu ya ndizi na matenga ya nyanya, na ikifika saa 3 sokoni hapapitiki. Ndiyo maana kikundi hiki cha pikipiki tano kilikubaliana kuondoka saa 12 kamili asubuhi.

Hawa si bodaboda wa kijiweni. Ni mwalimu, fundi seremala, wakulima wawili wa mbogamboga na muuza vifaa vya ujenzi, ambao mara mbili tatu kwa mwaka hufunga mabegi na kwenda kutembea. Safari hii walitaka kuuzunguka Mlima Meru: Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, Malula, wapande King'ori hadi Ngarenanyuki, watokee Oldonyosambu kwenye barabara ya Namanga, kisha warudi kwa Ngaramtoni na Sakina.

Nyumbani kwa fundi seremala kulikuwa na mjadala wa wiki nzima juu ya kiti cha nyuma. Binti yake wa miaka 17 alikuwa ametazama kwenye simu video za makundi ya waendesha pikipiki wa India, wanaotoka Manali kwenda Leh na kuvuka njia za milimani zenye kimo cha zaidi ya mita 5,000, yaani juu kuliko kilele cha Meru. Alitaka na yeye aende, hata kama ni kuuzunguka mlima tu bila kuupanda. Tena pikipiki ya baba ni Boxer, imetoka hukohuko India.

“Baba watoto, mdogo wangu nilimwokota palepale Kikatiti,” mama alisema. “Mpaka leo anachechemea. Leo unataka kunipakilia na mtoto?”

Fundi hakubishana, na alifanya vizuri. Mtu aliyekaa wodini na ndugu yake haambiwi kwamba ajali ni bahati mbaya. Badala yake alimweleza watakavyokwenda: mwalimu mbele, muuza vifaa nyuma kabisa na spana na pampu, na aliye taratibu kuliko wote ndiye anayepanga mwendo. Hakuna mshikaki, hakuna kuyapita malori kwenye kona, na saa 11 jioni wote wawe Tengeru. Mama alikubali kwa ajili ya hiyo saa 11. Mdogo wa miaka saba alilia kuachwa, lakini hapo hapakuwa na mjadala. Kanuni za pikipiki za abiria nchini zinakataza kumpakia mtoto wa chini ya miaka tisa, na kwa baba huyu, kama ni kosa kwa abiria, ni kosa kwa mwanawe pia.

Hadi Malula ni lami, na ugumu wake ni malori na mabasi yanayokimbizana. Ukishaacha lami mambo yanageuka. Migomba na kahawa vinabaki nyuma, vumbi linaanza, na kila pikipiki inalazimika kuiacha mbali iliyo mbele ili dereva aone njia. Upande wa kulia Kilimanjaro ilionekana kwa dakika chache kabla ya kujifunika. Kushoto Meru ilionyesha ubavu wake wa mashariki, ule uliobomoka zamani na kuacha shimo kubwa wazi. Anayeijua Meru kutoka Arusha mjini anaweza kudhani ni mlima mwingine.

Ngarenanyuki kwa Kimaasai ni maji mekundu. Ni nchi ya nyanya, na ni nchi ya maji yenye floridi nyingi. Meno ya kahawia ya wenyeji wengi yametokana na maji waliyokunywa utotoni. Binti aliuliza kwa nini watu hawakuhama. Mzee mmoja aliyekuwa kivulini, baada ya kuitikia shikamoo yake, alicheka: “Tulihamishwa, mjukuu wangu. Tukarudi.”

Alikuwa akisema kweli. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru huku kwa nguvu ili ardhi wapewe walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuipeleka kesi yao Umoja wa Mataifa. Baba aliizima pikipiki, wakamsikiliza mzee karibu saa nzima, muda ambao haukuwa kwenye ratiba.

Walipoondoka kuelekea kaskazini, tairi la mkulima mmoja lilipata pancha. Wakaziba. Mwendo mfupi mbele likapata nyingine. Saa 8 na nusu ilikuwa imepita, njia ya Oldonyosambu ilikuwa mbele yao na hakuna aliyewahi kuipita.

Wawili walitaka kuendelea. Kurudi njia ileile, walisema, si kuuzunguka mlima. Muuza vifaa alikaa kimya. Fundi aliangalia simu, hapakuwa na mtandao, kwa hiyo hakuweza kumwambia mkewe kwamba watachelewa. Binti ndiye aliyesema.

“Baba, mama anahesabu.”

Mwalimu aligeuza pikipiki bila neno. Njiani wale wawili walinuna kidogo, jambo la kawaida, hadi Kikatiti waliponunua miwa na kuanza kutaniana. Hapo fundi alipunguza mwendo hata watembea kwa miguu wakawa kama wanampita, na binti akaelewa bila kuambiwa.

Tengeru walifika saa 11 kasoro dakika kumi, soko likiwa linafungwa. Mama alikuwa amekaa juu ya tenga tupu, akiikabili barabara ya Moshi ingawa walimwambia wangerudi kwa upande wa Arusha. Alimvua binti kofia ngumu, akamfuta vumbi usoni kwa kanga.

“Oldonyosambu kukoje?”

“Hatukufika, mama.”

Mama alimtazama mumewe kwa muda. Kisha akauliza kama safari ijayo wataanza na upande huo wa Namanga, na kofia ya ziada inauzwa shilingi ngapi.