Kila Kipya Kinapokuja, Tuulize Nini Kinazimwa



Leo tuongee habari za teknolojia. Sisi ni vijana wanne tunaojitolea kwenye chumba cha kompyuta hapa Nakivale, Uganda, na kila siku kuna mtu anaingia na habari mpya: mara simu inayokunjwa kama daftari, mara miwani inayopiga picha, mara akili mnemba inayoandika barua ya kuomba kazi kabla hujamaliza kukohoa. Habari hizo tunazipenda, hatudanganyi. Tunazibishania mpaka jenereta inazimwa. Lakini baada ya kubishana sana tumeona jambo moja: habari inayotugusa sisi mara nyingi siyo ya kitu kinachozaliwa. Ni ya kitu kinachozimwa. Na hiyo haipigiwi ngoma. Inaandikwa chini kabisa, kwa herufi ndogo, kwa Kiingereza.

Tuanze na habari kubwa ambayo haikutugusa. Tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma sasisho lenye kasoro, na kompyuta kama milioni 8.5 za Windows zikaanguka duniani. Ndege zilibaki chini, hospitali na benki zikahangaika. Kwetu siku hiyo mashine ziliwaka kama kawaida, kwa sababu programu ile inanunuliwa na makampuni makubwa, si chumba cha mabati. Mmoja wetu akasema kumbe umaskini nao ni antivirusi! Tulicheka. Ila ile skrini ya buluu ambayo dunia nzima iliipiga picha, sisi tunaionaga karibu kila wiki, na hakuna mwandishi wa habari anayekuja.

Sasa tuje kwenye zile zilizotugusa.

Ya kwanza ni Windows 10. Ilitoka Julai 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza kuihudumia. Watu wengi walikuja kutuuliza kama kompyuta zitakufa siku hiyo. Hapana, hazikufa. Kinachoisha ni marekebisho ya usalama. Ni kama nyumba ambayo fundi wa kufuli amesema hatarudi tena: mlango bado unafunga, lakini mwizi akigundua njia mpya ya kuufungua, hakuna wa kuja kurekebisha.

Utasema basi wekeni Windows 11. Windows 11 inataka mashine iwe na kitu kinaitwa TPM 2.0, na prosesa isiwe ya zamani. Kwa Intel, orodha yao inaanzia hasa kizazi cha nane, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017. Kompyuta zetu zilitumika kwanza kwenye ofisi ya watu huko Ulaya, zikachoka, ndipo zikapewa sisi. Karibu zote ni za kabla ya hapo. Kwa watumiaji wa nyumbani iliwekwa nyongeza ya mwaka mmoja, mpaka Oktoba 2026. Unaipata kwa kulipa dola 30, au bure ukiiunganisha kompyuta na akaunti yako na kuhifadhi mipangilio yako huko. Ni sawa kwa mtu mwenye kompyuta yake. Lakini mashine moja inakaliwa na watu 15 kwa siku, mwanafunzi, mama anayetafuta ndugu yake, mchungaji anayechapa mahubiri. Tutaweka akaunti ya nani?

Hatusemi kampuni ina ubaya. Miaka kumi si kidogo. Tunasema tu kwamba sheria hizo zimeandikwa zikimfikiria mtu mmoja, mwenye mashine moja, umeme wa saa zote na kadi ya benki. Sisi tuliweka Linux Mint kwenye mashine tatu kwa majaribio, pamoja na LibreOffice ya kuandikia. Watoto walizoea ndani ya wiki. Kazi ipo kwenye zile fomu za Word zenye majedwali: ukizifungua huku, mistari inahama kama imetishwa, na unatumia nusu saa kuipanga upya kabla ya kuituma.

Ya pili ni WhatsApp. Oktoba 2023 iliacha kufanya kazi kwenye simu za Android zilizo chini ya toleo la 5.0. Mei 2025 ikaaga pia iPhone 5s, iPhone 6 na 6 Plus. Mtu wa mjini huko mbali anasema, nani bado ana iPhone 6? Kaka, sisi tunazo! Ndizo wanazotuma ndugu waliokwisha kufika Marekani na Canada, wakinunua mpya. Baada ya tarehe ile, simu hizo zilishuka bei sana sokoni. Vijana walifurahi wakazinunua mbio, wakidhani Mungu amewakumbuka. Walipofika nyumbani WhatsApp ikakataa kuwaka. Na huku kwetu simu isiyo na WhatsApp ni tochi yenye kioo kikubwa.

Ya tatu ndiyo iliyotuuma zaidi, nayo inahusu akaunti na namba ya simu.

Kuna dada mmoja wa Kivu Kusini, hatutamtaja. Alipokimbia alikuwa amepiga picha diploma yake ya serikali na kujitumia kwa imeili. Karatasi yenyewe ilibaki kwenye nyumba ambayo haipo tena. Kwa hiyo ile picha ndani ya imeili ndiyo sekondari yake yote, miaka sita. Huku kambini simu yake iliuzwa mtoto alipougua, na laini ikakaa bila kutumika. Muda ukapita. Siku moja tangazo la masomo likatoka, akaja chumbani kwetu kuichukua diploma yake. Neno la siri alilikumbuka vizuri kabisa. Lakini akaunti ikaona kompyuta mgeni, ikasema: tumetuma namba ya siri kwenye simu yako.

Simu gani?

Tulimpa simu yetu akapiga ile namba yake ya zamani. Akapokea mwanaume, mtu mwenye heshima tu, akasema laini ameinunua dukani Mbarara na ni ya kwake. Dada akamweleza, akamwomba amsomee tarakimu zilizoingia. Yule baba akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mama, wametuambia tusimsomee mtu yeyote hizo namba, matapeli ni wengi." Akakata.

Na alikuwa sahihi. Sisi wenyewe tunafundishaga hivyo hivyo, tumeandika kwa kalamu nyekundu ukutani: usimpe mtu yeyote namba ya siri uliyotumiwa. Kampuni ya simu nayo ilifuata utaratibu, laini isiyotumika hupewa mtu mwingine. Imeili nayo ilifanya kazi yake ya kumzuia mwizi. Kila mmoja alitenda vizuri, na mwisho wa siku dada akafungiwa nje ya maisha yake mwenyewe. Siku ya mwisho ya maombi ilipita. Mpaka leo picha ile bado iko mle ndani, na saa inatembea, kwa sababu tangu Desemba 2023 Google imeanza kufuta akaunti ambazo hazijatumiwa kwa miaka miwili. Kwa mtu aliyetulia, miaka miwili bila kufungua imeili ni uzembe. Kwa mtu aliyekimbia, akauza simu na kuhamishwa mara mbili, miaka miwili ni usiku mmoja.

Hapo ndipo tulielewa. Watu wakisema mkimbizi anahitaji kifaa, ni kweli, lakini kifaa kinaweza kupatikana tena. Akaunti ikipotea inaenda na diploma, na picha za marehemu, na namba za ndugu.

Kuhusu usumbufu mwingine wa kila siku hatutasema mengi, mnaujua. Sasisho linafika asilimia 30, linaandika usizime kompyuta, na mwenye jenereta hajui kusoma maneno hayo. Kompyuta inajisasisha kimya kimya na kumeza bando la wiki nzima, bando ambalo tangu Julai 2021 lina kodi ya asilimia 12 nchini hapa. Tovuti inakutaka uthibitishe kuwa wewe ni binadamu kwa kuchagua picha zenye bomba la zimamoto la barabarani, na humu chumbani hakuna aliyewahi kuliona. Fomu inakataa kuendelea mpaka uandike msimbo wa posta. Msimbo wa posta wa hema ni upi?

Sasa akili mnemba. Wengine wetu wanaisifu, wengine wanaiogopa. Sisi tunasema itumieni kujifunza, iulizeni maswali ya hesabu, iwasahihishie Kiingereza. Lakini hata hapo tuulize swali lile lile. Ofisi ikituambia kuanzia sasa maswali yote yatajibiwa na roboti kwenye simu, habari kwetu siyo roboti. Habari ni kama lile dirisha lenye mtu linafungwa. Roboti haijui kwamba bibi anaposema "nimechoka" anamaanisha hajala.

Haya ndiyo tunayowashauri vijana wenzetu kwa sasa:

1. Sajili laini kwa jina lako mwenyewe. Uganda inamruhusu mkimbizi kusajili laini kwa kitambulisho cha ukimbizi au kwa ile karatasi ya familia. Laini ya rafiki ni ya rafiki, siku mkigombana anaondoka na akaunti yako.

2. Kama unatumia Gmail, washa uthibitishaji wa hatua mbili halafu chukua zile namba kumi za akiba. Kila moja inafanya kazi mara moja, hata kama huna simu. Usiziache ndani ya simu. Ziandike kwenye karatasi, uiweke pamoja na karatasi za familia. Zile karatasi ambazo ukikimbia unazibeba kwanza, humo humo.

3. Ukibadilisha laini, badilisha namba kwenye akaunti zako siku hiyo hiyo, ile ya zamani ikiwa bado inapokea ujumbe.

4. Fungua imeili yako angalau mara moja kila miezi michache. WhatsApp nayo ina kawaida ya kufuta akaunti iliyokaa siku 120 bila kutumika.

5. Picha za vyeti ziwe sehemu mbili au tatu: imeili, flashi, na kwa ndugu unayemwamini.

6. Kabla hujatoa pesa ya simu iliyotumika, ingia kwenye mipangilio uone ni toleo gani, kisha mwambie muuzaji aiwashe WhatsApp mbele yako. Akikataa, mwachie simu yake.

7. Kama kompyuta inatumia intaneti ya simu, iambie kwenye mipangilio kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo. Itapunguza sana kujisasisha bila ruhusa.

Na ninyi kaka na dada wa mashirika, kwa heshima, tunawaomba matatu. Moja, mnapoleta kompyuta za msaada, ulizeni umri wake kabla ya kuuliza idadi. Mashine 5 zitakazofanya kazi miaka mitano ni bora kuliko 20 ambazo mwaka kesho tunazipanga ukutani. Mbili, msiweke tangazo la kazi au la masomo Facebook peke yake. Serikali iliifunga Facebook hapa Januari 2021, na kuifungua kunataka VPN, na VPN inakula bando. Bandikeni pia karatasi kwenye mti pale watu wanapopita. Tatu, fomu zenu ziwe na njia kwa mtu aliyepoteza namba yake. Dirisha moja, siku moja kwa wiki, mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema: tunakujua, ingia. Yule dada angekuwa darasani leo.

Sisi hatuogopi vitu vipya. Mtu aliyejenga maisha upya kutoka kwenye turubai hawezi kuogopa sasisho. Tunachotaka ni kuambiwa mapema, kwa lugha tunayoisikia, ni kitu gani kinazimwa na lini, ili tutoe vitu vyetu kabla mlango haujafungwa. Kukimbia bila taarifa tulishakimbia mara moja. Inatosha.

Walioko Kakuma, Nyarugusu, Dzaleka, Kyangwali, tuandikieni hapa chini: kwenu nini kimezimwa mwaka huu, na mmefanyaje? Tutakusanya majibu na kuyabandika ukutani, karibu na yale maandishi mekundu. Na kama simu yako inakaribia kuzima chaji, andika kwa kifupi tu, tutaelewa.