Bustani ya Juja na Swali la Bibi

Atokaye Nairobi kwenda Thika hupita Ruiru, kisha Juja, ndipo aufikie mji wa Thika, uliokaa baina ya mito ya Chania na Thika. Sisi tulioisafiri njia hii zamani tunaikumbuka mibuni iliyojipanga vilimani. Leo sehemu kubwa ya mashamba hayo imegeuka mitaa ya nyumba, na tangu barabara kuu ilipokamilika kupanuliwa mwaka 2012, ardhi ya huku imekuwa kama dhahabu.

Safari yetu ilikuwa ya kumfikisha binti yetu katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kilichopo Juja. Chuo hiki kilianza mwaka 1981 kikiwa chuo cha kati, kwa msaada wa Serikali ya Japani, kikapata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1994. Tulipomaliza shughuli za usajili, na adhuhuri haijaingia, tukaenda kuitazama bustani ya mimea ya chuo. Mama yetu, ambaye ndiye bibi yake binti, alizunguka kimya kwa muda, kisha akauliza:

"Wanangu, ardhi yote hii, na miti haiuzwi wala hailiwi. Si bora wangejenga mabweni, watoto wakapata pa kulala?"

Swali hilo si dogo, wala si la bibi peke yake. Kila penye ardhi ghali pana mtu anayeliuliza. Kwa hiyo twapenda kulijibu hapa kwa utulivu.

Bustani ya mimea si bustani ya maua. Ya maua hupandwa ipendeze. Ya mimea hupandwa ijulikane. Kila mmea humo hutakiwa kuwa na jina lake la kitaalamu, mahali ulikotoka na kumbukumbu ya siku ulipopandwa. Mwanafunzi husoma jani lenyewe badala ya picha ya jani. Kazi hii ni kongwe. Ibn al-Baytar, mzaliwa wa Malaga aliyefariki Damascus mwaka 1248, alisafiri nchi nyingi akichunguza mimea, akakusanya habari za dawa na vyakula vipatavyo 1,400. Mwaka 1545 Chuo Kikuu cha Padova, Italia, kikaanzisha bustani iliyopo hadi leo. Shabaha yake ya kwanza ilikuwa kuwafunza matabibu kutofautisha dawa na kisichokuwa dawa, kwa kuwa mmea ukikosewa, mgonjwa huweza kufa.

Faida ya pili twaweza kuionyesha papo hapo Ruiru. Mwaka 1968 ugonjwa wa chulebuni, unaooza tunda la kahawa lingali bichi, uliwatia hasara kubwa wakulima wa Kenya. Watafiti wa kahawa wa Ruiru wakaitafuta kinga katika mibuni ambayo mkulima asingeitamani shambani mwake: mmoja asili yake ni nyanda za Boma, Sudan Kusini ya leo, na mwingine ni chotara aliyezuka kisiwani Timor. Kwa miaka mingi waliichanganya na mibuni yenye tunda zuri, na mwaka 1985 wakatoa aina iitwayo Ruiru 11, yenye kustahimili chulebuni na kutu ya majani. Lau mibuni ile isingehifadhiwa kwa kuwa haina soko, wangeitoa wapi kinga? Tunapokunywa kahawa yetu tungu baada ya isha, tukumbuke kwamba mti usio na kazi leo huenda ukawa ndio tegemeo kesho.

Mama alisikiliza, akatikisa kichwa kuafiki. Lakini alikuwa na swali la pili: "Na mikoko yetu, wameipanda wapi?"

Hapo tulinyamaza. Mikoko huota penye maji ya chumvi yanayokupwa na kujaa. Juja ni bara, mbali na bahari. Hakuna bustani ya bara itakayotuhifadhia mkoko, mkandaa, mchu wala mlilana. Bustani ya mimea hiyo ni hori zetu wenyewe, na walinzi wake ni sisi. Na si miti tu inayopotea. Mama ajua mti upi hutoa boriti isiyoliwa na mchwa, na upi gome lake hutia rangi. Elimu hiyo haikuandikwa popote, naye umri umekwenda.

Jioni ile, kabla hatujaagana, binti alifungua daftari lake jipya la masomo. Ukurasa wa kwanza haukuandikwa somo la mwalimu. Bibi alitaja majina, mjukuu akaandika: jina la mti, unapoota, kazi yake, na nani alimfundisha. Kurasa nne zikajaa. Jina la kitaalamu aliliachia nafasi, alijaze mwenyewe atakapojifunza.

Sote twaijua Hadithi iliyopokewa na Anas bin Malik (R.A.), kwamba Muislamu akipanda mti, na akala humo ndege, mtu au mnyama, basi huandikiwa sadaka. Kuuhifadhi mti usipotee pamoja na jina lake, twaona, ni katika mlango huo huo wa kheri. Basi wiki hii, ndugu wasomaji, kila nyumba yenye mzee na mtoto itafute daftari. Mtoto aulize, mzee ataje, na kiandikwe kila kitakachotajwa.

Mwenyezi Mungu awape wazee wetu afya, na watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.