Kompyuta kuukuu za Sola
Vijana wa hapa Sola waliniletea kompyuta mpakato ya zamani, wakitaka niiwekee mfumo huria wa Linux. Nilichagua Debian 12, kwa kuwa toleo la 13, la Agosti 2025, halina tena kisakinishi cha mashine za biti 32. Kazi ilikwenda vyema, isipokuwa waifai. Chipu yake haiamki bila programu ndogo ya mtengenezaji, nayo hupakuliwa kwenye intaneti ileile isiyopatikana! Debian 12 hubeba nyingi za programu hizo, ila si zile ambazo wenyewe hawakuruhusu zisambazwe. Tuliunganisha simu kwa waya wa USB, kompyuta ikapata mtandao, waifai ikawaka. Bando liliisha, lakini hilo dogo.

Kubwa ni kwamba ujuzi huu si mgeni nchini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Sasa Windows 10 imekoma kuhudumiwa tangu Oktoba 2025. Ndugu mtumishi wa umma, kabla hujasaini kompyuta za ofisi yako ziuzwe kama chakavu, je, umezijaribu kwa flashi moja ya Linux?