Wosia wa Bibi kwa Wajukuu: Ulizeni Kabla ya Kuhukumu

Wajukuu zangu wapenzi,

Miguu imechoka, lakini akili bado ninayo na kalamu naishika mwenyewe, ndiyo maana nimeona niandike mapema. Habari za shamba na ng'ombe nimekwisha kuzimaliza mbele ya baba zenu na wazee wa ukoo. Ninyi nawaachia neno moja: mkiona mwenendo wa mtu msiouelewa, tafuteni chanzo chake kabla ya kumpa mtu huyo jina.

Mmezaliwa Usukuma, ambako vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu. Huku kwetu miti ilifyekwa zamani, na mwanamke hupikia alichokipata: kuni mbichi, mabua, mashina ya pamba, hata samadi kavu ya ng'ombe. Hupikia ndani, na moshi hauna pa kutokea. Huanza akiwa binti mdogo. Akifika uzeeni macho yameiva. Wengine wana vikope, ugonjwa unaokunja kope kwa ndani hadi zinakwaruza jicho. Kisha mtoto wa jirani anafariki, watu wanakwenda kwa mpiga ramli, naye anawaelekeza kwa bibi mwenye macho mekundu. Tangu mwaka 1928 Sheria ya Uchawi inakataza kumtaja mtu kuwa mchawi, na bado watu wameshika mapanga usiku. Chunguzeni pia wanaoandamwa ni akina nani: wengi ni wajane, na nyuma ya tuhuma mara nyingi lipo shamba ambalo ndugu wanalitamani. Aliyeishia kwenye macho hakuuona moshi, wala hakuuliza shamba litarithiwa na nani.

Macho yangu nayo ni mekundu sasa. Moshi ulioyatia wekundu ndio uliowaivishia ugali mkakua.

Wewe uliyepangiwa kufundisha shule ya kando ya ziwa, sikiliza. Mtoto anayesinzia darasani na kushindwa kukimbia na wenzake huenda ana kichocho, alichokipata akichota maji au akiogelea, nacho kinammaliza damu kidogo kidogo. Mtoto mwenye ualbino asiyenakili kitu ubaoni si mzembe. Uoni wake ni hafifu, na macho yake huchezacheza yenyewe bila yeye kutaka. Mlete mbele, mwandikie kwa herufi kubwa, mkinge na jua, ndipo umpime. Mtoto anayetazama chini ukimuuliza huenda hakufichi kitu. Nyumbani amefundishwa kwamba kumkazia mkubwa macho ni utovu wa adabu. Kabla hujainua fimbo, jua kwanza amekula nini, amelala wapi, ametembea umbali gani, na kama ubao anauona.

Nawe uliyechagua uuguzi, utakutana na mwanamke aliyeacha kwenda kanisani, hapandi daladala, wala hakai na wenzake kwenye mkeka. Majirani watasema anaringa, wengine watasema amelogwa. Huenda ana fistula: alikaa na uchungu wa uzazi siku nyingi bila kufikishwa hospitali, akapata jeraha la ndani, na sasa mkojo unamtoka bila yeye kuweza kuuzuia. Amejitenga asije akawakera watu. Mwambie kwamba ugonjwa huu una matibabu ya upasuaji, na kwamba hospitali ya Bugando kule Mwanza na CCBRT ya Dar es Salaam zimewatibu wanawake wengi kama yeye.

Wote nawaambia: mtu akipepesuka stendi na kutoa maneno yasiyoshikana, msimcheke wala msimpige picha za simu. Mgonjwa wa kisukari, sukari ikimshuka, huonekana hivyo hivyo kama mlevi. Ikiwa anaweza kumeza, mpeni soda au maji ya sukari, kisha mkimbizeni hospitali. Akiwa ni mlevi kweli, mtakuwa mmepoteza soda tu.

Tena si kila msichokielewa ni ugonjwa. Mtaoa na kuolewa mbali, na huko mtakuta mila za watu. Mwanamume anayechepuka njia akimwona mama mkwe wake hana ugomvi naye. Kwa makabila yetu mengi hiyo ndiyo heshima. Mtani anayeigiza marehemu msibani na kuwachekesha wafiwa hakukosa huruma. Huyo huyo mtamwona akishika kazi za msiba, na utani wake upo ili waliolia kutwa nzima wapate kupumua. Mgeni asiyeuliza atakasirika bure. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata.

Kuuliza nako kuna adabu yake. Msimhoji mtu mbele za watu kama mko mahakamani. Anzeni na salamu, na salamu zetu ni ndefu kwa sababu nzuri: mtu akiulizwa habari za watoto, za mifugo na za mvua, mahali fulani atasita, na hapo ndipo penye jambo. Nyamazeni, mpeni nafasi. Asiposema leo, rudini siku nyingine.

Lakini hapa pana mpaka. Kujua chanzo hakufuti kosa. Anayempiga mkewe huenda naye alilelewa kwa kipigo. Kulijua hilo kutawasaidia watakaomrekebisha, ila hakumlazimishi mkewe kuvumilia. Binti akikimbilia kwenu usiku, mfungulieni mlango kwanza; ya mpigaji yataulizwa asubuhi. Na wanaoua vikongwe wana woga na tamaa. Tuvijue ili tuvikomeshe, na wao wajibu mbele ya sheria.

Nikishaondoka, deni nitakalowaachia ni hili. Katika ukoo wetu asipatikane mtu wa kumnyooshea mwenzake kidole kwa sababu ya sura yake. Na kila mmoja wenu, popote atakapoishi, amtafute mzee mmoja ambaye watu wanamwogopa. Akamsalimie, akae naye jikoni wakati anapika, na akiwa na uwezo amjengee jiko lenye bomba la kutolea moshi.

Mungu awalinde, awape macho ya kuona na subira ya kuuliza.

Ni mimi bibi yenu,
Kwimba.